Akishindwa kusoma hisia, tunapima nini hasa?

MASWALI YA WASOMAJI. Safari hii tumekusanya barua zinazokaribiana: mgonjwa wa siku nyingi wa ubongo ambaye hatambui hisia, ziwe zake au za wenzake, na jinsi tatizo hilo linavyopimwa. Barua tumezifupisha.

Mume wangu ana miaka 64, na huu ni mwaka wa sita wa ugonjwa wa Parkinson. Kutetemeka tumekuzoea. Nisichokizoea ni kwamba nikikasirika hajui, nikilia ananiuliza kama chai iko tayari. Yeye mwenyewe ukimuuliza anajisikiaje anajibu "vibaya", basi. Kliniki wamesema apimwe utambuzi wa hisia. Ni moyo wake umebadilika, au ni ugonjwa? — Mama wa watoto wanne, Moshi

Mama, pole na kuuguza. Barua yako ina mambo mawili ndani yake, na ni vizuri uyatenganishe kabla hujakwenda kliniki, kwa sababu kila moja lina kipimo chake. La kwanza ni kusoma hisia za mtu mwingine usoni au sautini. La pili ni kuitambua hisia yako mwenyewe na kuipa jina. Hilo la pili lina jina la kitaalamu, aleksithimia, alilolibuni daktari wa akili wa Boston, Peter Sifneos, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kukosa maneno ya hisia. Mtu anaweza kuwa na moja bila lingine. Mumeo huenda anayo yote mawili, huenda ana moja tu.

Parkinson haishiki mikono na miguu peke yake. Dopamini (kemikali ya ubongo ambayo ugonjwa huu huipunguza) inapopungua, na amigdala nayo inapoguswa (ni sehemu ndogo ndani ya ubongo inayotuambia kipi tulichokiona ni cha kuogopesha au cha kuangaliwa), uso wa mwenzako unaonekana vizuri lakini uzito wake haufiki. Tafiti nyingi zimekuta kwamba zinazopotea zaidi ni hisia hasi: hasira, hofu, kinyaa, huzuni. Furaha husalia, maana tabasamu ni alama rahisi. Ndiyo maana unaweza kukuta ukimchekea anaitika, ukinuna hana habari.

Kisha kuna uso wake yeye. Misuli ya uso ikikakamaa, uso unakuwa mkavu, na kila mtu nyumbani anadhani hajali. Ukavu huo ni wa misuli. Mtu mwenye uso wa namna hiyo anaweza kuwa anaumia ndani kama mtu mwingine yeyote, kwa hiyo uso wake usiufanye mizani ya moyo wake.

Siku ya kupimwa aende na miwani yake ya kusomea, na uandike saa aliyomeza dawa ya mwisho. Hadi hapo, nyumbani acha mafumbo. Kununa, kujibu kwa mkato, kujifunga kanga yenye jina la kumsema: lugha yote hiyo ndiyo iliyompotea. Kaa mbele yake, taa ikiwa inawaka, umwambie waziwazi: "Nimekasirika kwa sababu hukunijibu." Wapo wanandoa wanaoona aibu kusema hivyo baada ya miaka thelathini. Hata hivyo inafanya kazi, maana maneno hupita mlango ambao sura imeshindwa kupita.

Mimi ni tabibu. Kliniki yetu ina wagonjwa kama 30 wa Parkinson. Tumeshauriwa tutumie dodoso la TAS-20 pamoja na picha za nyuso. Je, tutafsiri wenyewe? Tujihadhari na makosa gani? — Tabibu, Tanga

Swali lako ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Anza na TAS-20, dodoso la kupima aleksithimia. Ilitolewa mwaka 1994 na Bagby, Parker na Taylor wa Toronto. Ina kauli 20, kila moja hujibiwa kwa 1 hadi 5, kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Jumla inaanzia 20 hadi 100: alama 51 kushuka chini hakuna aleksithimia, 52 hadi 60 ni eneo la mashaka, 61 kupanda juu ipo. Ndani yake kuna mafungu matatu: ugumu wa kutambua hisia (kauli 7), ugumu wa kuzieleza (kauli 5), na mazoea ya kufikiria mambo ya nje badala ya ya ndani (kauli 8). Dodoso hili lina wenyewe, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kulitumia au kulitafsiri.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Kauli ya 4, 5, 10, 18 na 19 zimegeuzwa: anayekubali ndiye mwenye hisia zilizo wazi. Hizo hupewa alama kwa kutoa jibu kwenye 6, yaani aliyejibu 5 anapata 1. Msaidizi akisahau kugeuza, matokeo yote yanakwenda kombo na hakuna atakayegundua, kwa kuwa namba bado zinaonekana za kawaida.

Kosa la pili ni la adabu. Mzee aliyelelewa kutompinga mwenye koti jeupe atajibu "ndiyo, nakubali" kwa kila kauli. Piga hesabu: kauli 15 za kawaida mara 4 ni 60, kauli 5 zilizogeuzwa mara 2 ni 10, jumla 70. Tayari umemwandikia aleksithimia kwa heshima zake. Na yule anayejibu 3 mwanzo hadi mwisho ili amalize aende zake nyumbani anapata 60 kamili, alama moja tu chini ya mstari. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, tazama karatasi yenyewe. Majibu yakiwa yamepangana kwenye safu moja, usiyahesabu. Kaa naye upya siku nyingine, umuulize kwa hatua mbili: kwanza "unakubali au hukubali?", halafu "sana au kidogo?". Usimpe tarakimu. Wewe ndiye wa kuandika tarakimu.

Kosa la tatu ni la mwili, na kwa wagonjwa wa neva ndilo zito zaidi. Katika fungu la kutambua hisia zimo kauli zinazouliza kama mtu ana hali mwilini zisizoeleweka, hata kwa madaktari. Mtu mwenye afya akikubali, tunashuku kwamba hisia zake zimevaa sura ya mwili. Mgonjwa wa Parkinson akikubali, amesema kweli tu: mguu unaganda njiani, mkono una ganzi, jasho linamtoka bila sababu. Kauli mbili za aina hiyo zikipanda kutoka 2 hadi 5, jumla imepanda kwa 6, na mtu wa 56 amekuwa wa 62. Andikeni majibu ya kauli hizo pembeni, mpige jumla mara mbili, pamoja nazo na bila ya hizo. Kwa maoni yetu, kliniki inayoanza leo ingetazama pia dodoso la Perth, PAQ, la mwaka 2018: kauli 24, majibu 1 hadi 7, na linatenganisha hisia nzuri na hisia mbaya bila kuegemea mambo ya mwili.

Sasa tafsiri. Msikae mtu mmoja na kamusi. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae pamoja kupatanisha, wa tatu ambaye hajaona nakala ya asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha muijaribu kwa watu 30 hadi 40 mkiwauliza baada ya kila kauli, "Hapa umeelewa nini?" Swali hilo la mwisho ndilo linalorukwa kwenye miradi mingi, na ndiko Kiswahili kinakotega.

Chukua "kujisikia vibaya". Kwa Kiswahili ni kuumwa, ni kuhuzunika, ni kufadhaika. "Uchungu" ni maumivu ya jeraha na ni majonzi ya msiba. Tena sisi hisia tunazisema kwa viungo: roho inaniuma, moyo umeniruka, kifua kimejaa, kichwa kinaniwaka. Kwa mtunzi wa Toronto, mtu anayejibu kwa viungo anaonekana hana maneno ya hisia. Kwa Mswahili, "roho inaniuma" ndilo neno lenyewe. Mfunzeni anayehoji aulize kwa upole swali la pili: "Roho inauma vipi, ni hasira au ni huzuni?" Akichagua bila kusita, hisia anaitambua. Akirudi kwenye mwili, "inauma hapa, inagonga", andika hivyo hivyo. Pia epukeni kauli za kukanusha mara mbili. "Si rahisi kwangu kutoeleza" haijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana.

Picha za nyuso zina ugumu wa aina nyingine. Kipimo kinachotumika sana ni cha nyuso 60: watu 10 kutoka mkusanyiko wa picha nyeusi na nyeupe wa Paul Ekman na Wallace Friesen wa 1976, kila mmoja akionyesha hisia sita. Kila picha hukaa sekunde 5, na mgonjwa huchagua neno moja kati ya sita. Anayebahatisha tu anapata kama 10 kati ya 60, kwa hiyo alama 15 si "chache", ni karibu sawa na kufumba macho.

Kabla ya picha ya kwanza, hakikisheni maneno. Kwenye kadi andikeni kwa herufi kubwa: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Msiandike "mshtuko" badala ya mshangao, kwa sababu mshtuko uko katikati ya mshangao na hofu, na hizo mbili hata watu wazima wenye afya huzichanganya. Msiandike "karaha" badala ya kinyaa, maana wengi wataisoma kama kuudhiwa, na majibu yataangukia hasira. "Woga" kwa wanaume wengi ni tusi, "hofu" inasemeka. Halafu mpe mgonjwa visa vifupi kwa mdomo: umefunua sufuria umekuta funza, nyoka amekatiza mbele yako, mdogo wako uliyedhani yuko ng'ambo amebisha hodi. Akishindwa kuvipa visa hivyo majina, tatizo liko kwenye maneno au kumbukumbu, na picha hazitakuambia kitu.

Mgonjwa akae kama sentimita 60 kutoka kwenye skrini, mwanga usimpige usoni, miwani amevaa. Parkinson hupunguza uwezo wa kutofautisha kijivu na kijivu, na picha hizi zimejaa kijivu. Kwa hiyo wekeni kwanza picha za kulinganisha watu: huyu na huyu ni mtu mmoja au wawili? Kipimo cha Benton kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Anayekosa hapo ana shida ya kuona sura, si ya kusoma hisia. Asibonyeze kitufe, mkono utamsaliti. Aseme neno au aliguse kwenye kadi. Baada ya sekunde 5 picha iondoke, lakini jibu lisiwe na saa, kwani fikra nazo huenda polepole. Pumzika kwenye picha ya 30. Usimwambie amepata au amekosa. Mwenzi wake akae nje, la sivyo atamsaidia kwa kukohoa.

Dawa: pima ikiwa imekolea, kwa wengi kama saa moja baada ya levodopa (dawa kuu ya Parkinson), na urudie siku nyingine katika hali ile ile. Angalia pia kama anatumia benzheksoli, dawa ya kupunguza kutetemeka. Kwa wazee dawa hiyo hutia ukungu kwenye kumbukumbu, na lawama huangukia hisia.

Andika jibu lenyewe, si tiki na alama ya kukosa. Mgonjwa wa kwanza amesema "hasira" mara 18, kati ya picha 10 za hasira akapata 9. Wa pili amesema "hasira" mara 10, akapata 8. Kwa alama za kawaida wa kwanza amemshinda wa pili. Lakini huyo wa kwanza anaona hasira kila mahali. Hesabu aliyoipendekeza Wagner mwaka 1993 hurekebisha hilo: zidisha majibu sahihi kwa yenyewe, gawanya kwa idadi ya picha za hisia hiyo mara idadi ya mara alizolitaja neno. Wa kwanza: 81 kwa 180, yaani 0.45. Wa pili: 64 kwa 100, yaani 0.64. Kwa familia zao tofauti ni kubwa mno, maana yule wa kwanza ndiye anayegombana na kila mgeni.

Mipaka ya alama iliyowekwa Ulaya na Marekani msiichukue jinsi ilivyo. Elfenbein na Ambady walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2002 walikuta watu husoma vizuri zaidi nyuso za watu wa jamii yao, na kazi iliyochapishwa 2014 kwa Wahimba wa Namibia ilionyesha kwamba ukiwapa watu picha wazipange bila maneno, mafungu wanayoyatengeneza hayafanani na ya Wamarekani. Mkusanyiko wa picha wa NimStim una rangi na una nyuso za Wamarekani weusi, unasaidia kiasi. Dawa hasa ni kupima watu wenye afya wa hapo hapo Tanga, wa umri na elimu sawa, angalau wengi kama wagonjwa wenu. Ikiwa jirani mzima anapata 38, mgonjwa wa 36 hana tatizo lolote la kuandikiwa.

La mwisho kwako, tabibu: pimeni sonona siku hiyo hiyo, maana sonona peke yake hupandisha alama za aleksithimia. PHQ-9, dodoso la sonona la maswali tisa, ya Kiswahili ipo, ila maswali yake ya usingizi, uchovu, hamu ya kula na kusogea polepole yanaingiliana na Parkinson yenyewe. Tazameni kwanza maswali mawili ya mwanzo, la kukosa raha na la kuhuzunika. Jumla ya 3 au zaidi kati ya 6 inatosha kumkalisha mgonjwa mzungumze.

Baba alipimwa India, wakaandika TAS-20 alama 58. Miezi minne baadaye hapa nyumbani amepata 64. Ndugu zangu wanasema akili imeporomoka. — Bintiye, Mombasa

Dada, punguzeni haraka. Kwanza, alama kubwa ndiyo mbaya, na 58 tayari ilikuwa eneo la mashaka, kwa hiyo hakutoka kwenye uzima. Pili, kipimo hiki kina mtikisiko wake. Watunzi walipowarudia watu baada ya wiki tatu, uthabiti ulikuwa 0.77 (1 ni uthabiti kamili). Tuseme watu wa kawaida hutawanyika kwa alama 12 hivi. Toa 0.77 kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 12: utapata karibu 6. Hilo ni kosa la kipimo kwa siku moja. Kwa siku mbili zikilinganishwa makosa mawili hujumuika, kwa hiyo tofauti inabidi ifike kama 16 ndipo useme kwa uhakika kwamba mtu mmoja amebadilika. Baba amesogea 6.

Tatu, uliza: India alijibu kwa lugha gani, na nani alimtafsiria? Kama alikuwa kaka yenu aliyekaa kando yake, ile 58 ni ya watu wawili. Ombeni alama za mafungu matatu kila moja peke yake, na saa ya dawa kwa siku zote mbili. Na hata ingekuwa 80, aleksithimia haipimi akili.

Mwanangu ana miaka 22, kifafa tangu utotoni. Haogopi kitu wala hatambui mtu aliyeogopa. Kuna uhusiano? — Baba, Bukoba

Unaweza kuwepo, baba. Kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa, usawa wa sikio, hasa upande wa kulia na hasa kikianza utotoni, hugusa amigdala, na hofu ndiyo hisia inayoathirika zaidi katika picha za nyuso. Asipimwe siku moja au mbili baada ya degedege. Kama anameza fenobabitoni, dawa ya kifafa, waambieni wapimaji, maana humpunguzia mtu kasi. Kutotambua aliyeogopa ni jambo la kumfundisha: atazame macho ya mtu, si mdomo. Mwanamke mmoja wa Marekani, anayejulikana kwa herufi S.M. na ambaye amigdala zake zote mbili zimeharibika, alianza kuitambua hofu kwenye picha alipoelekezwa atazame macho. Watafiti walichapisha hilo mwaka 2005. Alipoachiwa bila kukumbushwa, alirudia mazoea yake. Kwa hiyo mkumbusheni kila mara.

Kuna vipimo vya kusoma hisia kwenye simu, vya picha za macho tu. Tunaweza kumpima bibi nyumbani? — Mjukuu, Nairobi

Mnaweza kucheza, kumpima hapana. Kipimo cha macho cha Simon Baron-Cohen cha 2001 kina picha 36, kila moja na maneno manne, na anayebahatisha hupata 9. Maneno yake ya Kiingereza ni magumu hata kwa waliokwenda shule, kwa hiyo mtakuwa mnapima msamiati wa bibi. Kama mnataka kujua jambo nyumbani, mwambie mtu akae nyuma yake aseme sentensi moja, "Mgeni amefika saa nne," kwa hasira, kwa furaha, kwa huzuni, kwa hofu, mara tano kila moja kwa kuchanganya, bibi akitaja. Anayebahatisha atapata kama 5 kati ya 20. Kwanza hakikisheni anasikia. Akipata 6 au 7 huku anasikia vizuri na visa vya maneno anavijibu, chukueni karatasi hiyo mwende nayo kliniki.